Fumbo la Sitini na Moja

Sauti iliyokuwa ikisoma namba ndani ya nyumba ile haikuwa ya Kefa.

Ilikuwa ya mwanamke, tena msichana. Mwalimu Yudita alibaki langoni mwa zizi, mkono kwenye mti, akasikiliza tena ili asijidanganye.

"Ishirini na saba. Ishirini na sita. Kumi na mbili. Kumi na saba."

Saa sita njiani kutoka Tunduma, kwenye lori linalokwenda kubeba mpunga, kisha mwendo wa miguu kutoka barabarani, vumbi mpaka kwenye meno. Yote hayo alikuwa ameyavumilia kwa sababu alijua sauti atakayoikuta mwisho wa safari.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, msomaji, shika haya machache tuendelee. Yudita ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mkazi wa Chapwa. Kwa miaka minne ametunga fumbo la namba kila Jumatano kwenye gazeti la *Jicho la Mpakani*. Hakuna aliyewahi kulifumbua. Baiskeli ya zawadi imening'inia ofisini kwa mhariri Aliko mpaka matairi yamepasuka yenyewe.

Hakulitunga lifumbuliwe. Njia ya kugeuza herufi kuwa namba waliibuni wawili, yeye na mumewe Kefa, enzi za uchumba, na hawakumwonyesha mtu wa tatu. Kefa alikuwa karani wa wakala wa forodha pale mpakani. Miaka kumi na moja iliyopita alivuka kwenda Nakonde, akasema ni siku mbili, asionekane tena. Mafumbo yale yalikuwa barua za mke kwa mume asiyejulikana aliko.

Halafu likaja jibu. Jibu sahihi, limeandikwa kwa namba zile zile, kutoka kijiji cha bondeni Momba. Chini yake herufi moja tu: K.

Aliko alifurahi akaliweka ukurasa wa mbele, na jina la kijiji juu. Yudita alikaa na barua ile siku tano akiogopa kuondoka. Siku ya sita akapanda lori.

Na sasa mlango ukafunguka, akatoka msichana wa miaka kama ishirini, daftari mkononi, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Yudita hakuitikia. Alimpita, akainama, akaingia ndani ya nyumba ya watu bila kukaribishwa. Alifanya jambo ambalo angemchapa mwanafunzi kwa kulifanya. Aliangalia nyuma ya mlango. Akafunua pazia la chumba cha pili. Kitanda cha kamba, madumu ya maji, jembe la ng'ombe limeegemezwa ukutani. Na magazeti. Magazeti yamepangwa kwenye kamba ya katani kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine, kama nguo zilizoanikwa, kila moja limekunjwa ukurasa wa fumbo ukae juu.

Mwanaume hakuwepo.

Alipotoka, mama wa msichana alikuwa ameweka kigoda kivulini mwa banda la ndama na kata ya mtindi kando yake. Akamsalimia kwa Kisukuma, akaona hajibiwi, akarudia kwa Kiswahili.

"Karibu mama. Kaa kwanza. Umetoka mbali."

Yudita akakaa. Alihisi uchovu wa miaka yote kumi na moja umesubiri kigoda hicho ndipo umshukie.

"Nisameheni," akasema. "Nilidhani nitamkuta mtu."

"Najua," msichana alisema. "Mzee Kefa."

Yudita aliinua kichwa taratibu.

"Unamfahamu?"

"Simfahamu. Nimemsoma tu. Mimi naitwa Kashinje."

K. Kumbe herufi ile ilikuwa hiyo. Yudita aliitazama kata ya mtindi, akaiacha.

"Nani kakufundisha njia yangu?"

"Hakuna."

"Mwanangu, mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na mitatu. Ukinidanganya nitajua. Mtu aliyekufundisha yuko wapi?"

"Ningekuwa na mtu wa kunifundisha ningemaliza kwa wiki moja," Kashinje alisema. "Mimi imenichukua miaka miwili na masika mawili."

Alisema hivyo bila majivuno, kama mtu anayeeleza kisima kilichimbwa kwa muda gani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama ya B ya hesabu, akarudi kuchunga. Dukani kwa Loisi, kule njia panda, sukari na karanga hufungwa kwa magazeti ya zamani. Akaanza kuyakusanya. Alikuwa nayo mia moja arobaini na matatu.

"Eleza," Yudita akasema. Sauti ilikuwa ya darasani, ilitoka yenyewe.

Kashinje alichuchumaa, akafungua daftari chini vumbini.

"Herufi zetu ziko ishirini na nne, ukitoa zile mbili tusizozitumia. Lakini kwako nilikuta namba hadi thelathini na mbili. Nikajua unaipa herufi namba yake, kisha unaiongezea kitu. Na kinachozidi zaidi ni nane."

Hilo Yudita alikuwa hajawahi kulifikiria.

"Kila namba ya tano haina maana. Hiyo ilinichosha sana. Ni kama ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye zizi lako: ukimhesabu, hesabu yote inaharibika. Nilipomtoa, zilizobaki zikakaa nne nne. Ukipungukiwa herufi unajaza Z. Na nne za mwisho ni zile zile kila wiki, ishirini na saba, ishirini na sita, kumi na mbili, kumi na saba. Nikajiuliza, mtu anaandika nini kila wiki mwishoni mwa maneno yake?"

"Jina lake," Yudita alisema.

"Jina lake. Gazetini wameandika limetungwa na Mwalimu Yudita. Nikajaribu Yudita, halikukaa. Nikajaribu Mwalimu, halikukaa. Siku moja namkimbiza ndama mtoni ndipo nikaona kwamba mtu anayekupenda hawezi kukuita jina zima. Nikajaribu Yudi."

Hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mmoja. Yudita alifunga macho kidogo, akayafungua.

"Y ni ishirini na tatu. Kufika ishirini na saba unaongeza nne," Kashinje aliendelea. "U unaongeza sita. D nane, I nane. Nne, sita, nane, nane. Basi, mwalimu. Magazeti yote yakafunguka siku hiyo hiyo. Kinachonishinda mpaka leo ni hizo namba zenyewe. Kwa nini hizo?"

"Tarehe nne, mwezi wa sita, themanini na nane. Tulifunga ndoa Mbozi Mission. Ilikuwa Jumamosi."

Kashinje aliandika hilo pembeni mwa daftari, polepole, kama anayezika kitu kwa heshima.

Hapo ndipo Yudita alipoelewa vizuri kile alichoambiwa. Yote yakafunguka.

"Umeyasoma yote?"

"Ndiyo."

"Yote mia moja arobaini na matatu."

"Ndiyo, mwalimu."

Ng'ombe mmoja alikohoa zizini. Yudita alihisi joto likimpanda shingoni, aibu ya mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu. Aliandika mle mambo ambayo hakumwambia mchungaji wala dada yake. Kwamba ameanza kuisahau sauti ya Kefa. Kwamba suti yake ameigawa kwa mtu aliyekuwa anakwenda kuzika. Kwamba kuna Jumatano moja alitamani asikie amekufa, ili apumzike.

"Mwanzoni nilikuchukia," Kashinje alisema. "Fumbo lako halikuwa la haki. Anayetunga fumbo humwachia mtu pa kushika. Wewe ulijenga ukuta mtupu, ukaandika mbele yake kwamba kuna baiskeli."

"Halikuwa kwa ajili yako."

"Lilikuwa gazetini."

Ni kweli. Yudita alijiona mjanja. Aliamini kwamba kitu kisichojulikana na mtu hakifunguki, na hakubadilisha hata siku moja, si tarehe, si jina la mwisho, si mpangilio. Miaka minne aliiachia njia ile kila kitu chake, na njia yenyewe ilikuwa na wakati wote wa kuchunguzwa na yeyote mwenye penseli na subira. Angemnyima alama mwanafunzi aliyeleta kazi ya namna hiyo.

"Nilipoanza kukuelewa nikaacha kukuchukia," Kashinje alisema. "Ndiyo maana kwenye barua sikuandika jina. Sikutaka ujue kuna mtu amekusoma. Nilitaka tu ujue kuna mtu amesikia. Nikaweka K nikidhani haidhuru."

"Imenileta huku."

"Nisamehe, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama. Yudita aliichukua kata ya mtindi, akanywa nusu, akaishusha. Basi. Kefa hayupo. Atalala hapa leo, kesho atafute lori la kupanda Tunduma, amwambie Aliko ampe msichana baiskeli yake, na fumbo life. Kulikuwa na nafuu ndani ya wazo hilo, nafuu ya mtu anayetua mzigo njiani bila kufika.

"Hutamwonyesha mtu mwingine daftari hilo," akasema. "Niahidi."

Kashinje akageuka kumtazama mama yake, kisha akatazama chini.

"Yule baba hakukwambia?"

"Baba gani?"

"Aliyekuja Jumamosi. Na pikipiki. Alisema ametumwa na gazeti kuhakiki mshindi, kabla hawajatoa baiskeli."

Gazeti la Aliko lina watu watatu. Hakuna hata mmoja mwenye pikipiki.

"Ni mtu wa namna gani?" Yudita aliuliza. Moyo ulikuwa umeanza kwenda mbio, na alijichukia kwa hilo. "Mrefu? Ana kovu juu ya jicho la kushoto?"

"Si mrefu. Kovu sikuliona."

"Miaka kumi na moja mtu hubadilika. Alizijua namba?"

"Hapana. Hakujua chochote. Nilimfundisha mwanzo hadi mwisho. Alishika haraka."

Matumaini yalimtoka Yudita kama hewa kwenye tairi. Kefa hahitaji kufundishwa njia aliyoibuni mwenyewe.

Kisha akaelewa sehemu ya pili.

"Ulimfundisha. Halafu?"

"Alipiga picha daftari langu kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Akaniuliza kama kuna fumbo linalotaja bahasha." Sauti ya Kashinje ilikuwa imepungua. "Nikamwonyesha la sitini na moja. Alilisoma mara tatu. Akashukuru sana. Hakunywa hata maji."

Fumbo la sitini na moja. Yudita hakuhitaji daftari. Alikumbuka jioni aliyolitunga, mezani, mvua ikipiga bati.

BAHASHA IKO MBEBE KWA ENESI. YUDI.

Siku aliyoondoka, Kefa alimwachia bahasha ya kaki iliyobandikwa gundi. Alimwambia neno moja, kwamba mtu akija kuiulizia, aichome. Mtu hakuja, naye hakuichoma. Aliifungua mara moja tu: karatasi nne za namba za malori na tarehe, na sahihi za watu asiowafahamu. Akaipeleka Mbebe, huko Ileje, kwa dada yake mkubwa Enesi, ikawekwa darini ndani ya sufuria kuukuu. Akaona vema mumewe ajue iko wapi, siku akirudi.

Na alimwambia gazetini.

"Simu inashika wapi hapa?"

Kashinje alimwongoza mbio nyuma ya zizi, kwenye kichuguu kirefu kuliko nyumba, kilichochongwa ngazi kwa jembe. Yudita alipanda akishika majani, goti la kulia likimlalamikia kila hatua. Juu kabisa simu ilionyesha mistari miwili.

Enesi alipokea haraka.

"Ee, Yudita. Nilikuwa nataka kukupigia sasa hivi. Mgeni wako amefika salama."

Yudita alishika ncha ya kichuguu.

"Mgeni gani, dada?"

"Si huyu uliyemtuma. Amenieleza mambo yenu yote, mpaka yale ya suti ya Kefa, ambayo hata mimi hukuniambia. Nikasema huyu kweli katoka kwa mdogo wangu. Nimemchemshia chai. Mtu mpole, ameniongezea hata kuni jikoni."

"Dada, nisikilize. Ile sufuria ya darini..."

"Nimeshamshushia. Si ndicho kilichomleta?"

Bondeni chini Yudita aliona ng'ombe wakienda mtoni kwa mstari mmoja, polepole, kama hakuna jambo lolote duniani. Alitaka kukaa. Kichuguu hakikuwa na pa kukaa.

"Mpe simu," akasema.

Ukasikika mkwaruzo, kisha hatua, kisha mlango kufungwa. Mtu alitoka nje ili azungumze peke yake.

"Mulishani, bamayo," sauti ya kiume ilimsalimia kwa Kibemba, kwa adabu kabisa, kisha ikahamia Kiswahili safi. "Pole na safari. Nilijua utakwenda kwa yule binti. Anakusifu sana."

"Bahasha unayo. Mwache dada yangu uondoke."

"Dada yako hana tatizo na mimi. Tunakunywa chai. Na bahasha, kusema kweli, ni nusu ya kilichonileta. Leo Jumanne, mwalimu. Aliko anasubiri fumbo lako kabla ya saa kumi, gazeti liende mtamboni."

"Hakuna fumbo tena. Nimeacha."

"Hujaacha. La wiki hii utaliandika kama kawaida, kwa njia ile ile, na jina lako mwishoni. Maneno nitakupa mimi. Nitalisoma kesho likitoka, na siku hizi najua kusoma."

"Niandike kwa ajili ya nani? Mume wangu amekufa."

Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo kwa sauti. Lilitoka jepesi, kwa sababu alikuwa amechoka mno kuendelea kulibeba.

Mtu yule alicheka kidogo, bila ubaya.

"Kule Mbala, upande wa Zambia, kuna kibanda kinachouza magazeti ya huku. *Jicho la Mpakani* huenda nakala moja tu. Kila Alhamisi hununuliwa, mwalimu, miaka minne sasa. Kila wiki anatumwa mtu mwingine, uso wa mnunuzi mwenyewe hatujauona. Mimi sijui maiti anayehitaji gazeti."

Upepo ulipita juu ya kichuguu.

Yuko hai. Swali alilouliza kila Jumatano limejibiwa, na aliyelijibu ni mtu anayekunywa chai ya dada yake kwa hila. Kefa yuko hai, mwendo wa siku moja tu kutoka Chapwa. Amesoma habari ya suti. Amesoma kwamba sauti yake inasahaulika. Amesoma ile Jumatano mbaya kuliko zote, akakunja gazeti, akasubiri lingine, na hakuandika hata namba moja.

Alitegemea kwamba siku akisikia habari hii atalia au atacheka. Alichokipata ni uchovu, mzito na mkavu, na chini yake hasira ambayo hakuwa ameijua kuwa anayo.

"Kwa hiyo yeye atakuja nikimwita," akasema mwishowe.

"Hilo unalijua wewe kuliko mimi. Ni mume wako." Sauti ya mtu yule ilikuwa na subira ya mtu mwenye siku nzima. Kwa mbali Enesi alisikika akiuliza kama mgeni aongezewe viazi. "Uko tayari? Maneno si mengi."

Kashinje alikuwa amepanda nusu ya ngazi. Alikuwa amesikia vya kutosha. Uso wake ulikuwa umesawijika, lakini mkono aliounyoosha juu ulikuwa umetulia: daftari, ukurasa mweupe, na penseli juu yake.

Yudita alivipokea. Akaegemeza mguu kwenye ncha ya kichuguu, akaweka daftari juu ya goti lake bovu, akaandika tarehe ya siku kwenye kona kama alivyowafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na mitatu.

"Sema," akasema. "Naandika."